Maili 1,446 na trela nyuma: nilikuwa namtafuta anayekunywa mafuta yangu

Nilitaka niandike habari za milima ya Colorado na kile kibaridi cha mwezi wa saba lakini nikikaa kukumbuka hii safari kinachonijia kichwani ni mafuta tu, kwahiyo mtanisamehe, hii ni simulizi ya mafuta.

Tunaishi Arlington, Texas, mimi na mama Nuru na watoto wawili, na mwaka huu mama mkwe alikuja kutoka Tanga kukaa nasi miezi mitatu. Mwezi wa nne nilikuwa nimenunua trela la kulala, mtumba, futi 26, ndani kuna vitanda, jiko, friji, choo, kila kitu. Mama mkwe alivyoliona tu akasema kumbe Wamarekani nao wanatembea na nyumba kama konokono. Gari la kulivuta ni pikapu yangu F-150, V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, gia kumi, tanki galoni 26. Bila trela hayawei inanipa maili 20 kwa galoni bila shida, kwa hesabu za nyumbani kama kilomita 8.5 kwa lita. Jamaa aliyeniuzia trela aliniapia kwamba nikilifunga nitapata 13. Nikamuamini, si unajua mtu ukishapenda kitu.

Mama mkwe amekaa dukani Ngamiani zaidi ya miaka thelathini, duka la magodoro na vyombo, na hawezi kuona pesa inatoka bila kuandikwa. Kabla hatujatoka akaomba daftari. Nikamwonyesha utaratibu: tunajaza fulu, pampu ikijikata mara ya kwanza basi, usiongeze hata tone, unaandika maili za safari na galoni zilizoingia, unagawanya. Dashibodi nayo inapiga hesabu yake lakini yangu ina kaulongo, inajipendelea kama nusu maili hivi, kwahiyo tulikubaliana daftari ndo mwamuzi.

SIKU YA 1, Arlington mpaka Amarillo

Mpango ulikuwa tutoke saa 12 asubuhi, tukatoka saa 3. Kufunga trela peke yake saa nzima, mara zile nondo za kugawanya uzito zinagoma, mara taa ya breki ya kushoto haiwaki, nikapima upepo wa tairi zote nne za trela 65 kama ilivyoandikwa ubavuni, kisha mtoto mdogo akataka choo wakati choo tunakivuta nyuma yetu.

Barabara ni ile 287, inapita Decatur, Bowie, Wichita Falls, halafu inakwea taratibu kaskazini magharibi mpaka Amarillo. Sehemu kubwa wanaruhusu maili 70 na 75 kwa saa. Nikaweka kruzi, ile gari inajishikia spidi yenyewe, kwenye 73. Tairi za trela zina herufi L, maana yake mwisho wake 75, kwahiyo nilikuwa nacheza ukingoni kabisa na nilijiona dereva kwelikweli.

Wichita Falls tukajaza. Maili 131, galoni 15.8. Mama mkwe akapiga hesabu kwenye simu ya Nuru: 8.3. Nikamwambia hapana, rudia. Akarudia, 8.3. Hiyo ni kilomita tatu na nusu kwa lita jamani, kuna malori nyumbani yanaona aibu kusikia hivyo.

Kufika Childress mambo yakawa mabaya zaidi, maili 108 galoni 14.2, yaani 7.6, na upepo ulikuwa umeshaanza kutupiga kutoka kushoto, unaona majani yote yamelala upande mmoja na usukani unaushika kama unamshika ng'ombe. Kutoka hapo mpaka Amarillo ndo usiseme, nchi inapanda, upepo umegeuka unatujia karibu usoni, gari kila dakika inashusha gia, ya tisa, ya saba, ya sita, injini inalia, mi bado nang'ang'ania 73 kwasababu nimeshachelewa. Maili 118, galoni 17.1.

"Sita nukta tisa," mama mkwe akasema, akafunga daftari kabisa.

Jumla ya siku, maili 357, galoni 47.1, wastani 7.6, dola 136 kwa bei ya 2.89. Tukafika saa 11 jioni, na hata kukaa nje haikuwezekana, turubai la pembeni nililikunjua likataka kupaa nalikunja haraka, tukala ndani madirisha yanapiga kelele.

SIKU YA 2, Amarillo

Hatukuhama. Usiku sikulala vizuri, nikawa nimeshaamua mwenyewe kwamba shida ni uzito. Asubuhi nikaenda kwenye mizani ya malori pale sheli kubwa ya hayawei, trela likasoma pauni 5,900, kama tani 2.7. Nikarudi na hasira ya kupunguza. Tanki la maji safi lilikuwa limejaa, galoni 40, hiyo ni kama kilo 150, nikamwaga yote. Viti vya chuma vinne nikataka kuvigawa kwa jirani wa kambini, mama Nuru akaniangalia tu, nikavirudisha.

Mchana tukaliacha trela tukaenda korongo la Palo Duro na pikapu peke yake, pazuri sana, kuta za udongo mwekundu, joto kama tanuri, na kile kimwinuko cha kutokea chini ni kikali. Pamoja na hicho kimwinuko na kiyoyozi fulu, dashibodi ikaniambia 19. Kwahiyo gari haina tatizo, nikasema sawa, ni uzito.

Jioni nikachukua ndoo nikaosha uso wa trela. Hapa kuna kitu niliona lakini sikukielewa hadi kesho yake. Uso wote umejaa wadudu waliopasukia pale, njano, nyeusi, mabawa, wamekauka kama gundi. Lakini sio uso wote kweli. Kuanzia chini mpaka usawa wa paa la pikapu kulikuwa na vumbi tu, karibu safi. Juu ya hapo, kama futi nne na nusu mpaka juu kabisa, wadudu wamejipanga mpaka huoni rangi, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Nikasugua mpaka mkono ukauma.

SIKU YA 3, Amarillo mpaka Raton, New Mexico

Tukaenda kaskazini hadi Dumas, tukakata kushoto kwenda Dalhart. Safari hii maji hakuna, trela jepesi kwa kilo 150, kruzi nimeshusha kidogo 70, nina matumaini kweli. Njiani mapangaboi ya umeme mamia kwa mamia, hakuna jimbo Marekani linalozalisha umeme wa upepo kuishinda Texas, na Amarillo ni kati ya miji yenye upepo mwingi kuliko yote nchi hii, vitu ambavyo nilitakiwa kuvifikiria kabla sijafunga trela.

Dalhart, maili 86, galoni 11.9. Mama mkwe akaandika 7.2 akaniangalia juu ya miwani.

"Baba Nuru, yale maji ulimwaga ya nini?"

Nikamwelezea habari ya uzito. Akasikiliza mpaka mwisho, af akaniambia habari za vijana wake wa dukani. Walikuwa wawili wenye baiskeli, mmoja anapeleka magunia ya mkaa ya jirani yake, mwingine magodoro. Mteja akiwa Raskazone kule baharini, msimu wa kusi, wa mkaa anakwenda na kurudi anapiga mluzi, jasho lake la kawaida. Wa godoro, ambaye kabeba kitu mtoto anaweza kukinyanyua, anarudi hoi hawezi kusema, siku nyingine kashuka kasukuma baiskeli njia nzima. "Mkaa uzito wake unaubeba unapopanda tu," akasema. "Godoro unapigana nalo kila hatua. Na yule mjinga alikuwa anajaribu kukimbia ili awahi, ndo linamzidi."

Nikawaza wadudu wangu.

Lile trela lina upana futi 8 na kimo futi 11. Pikapu inafunika nusu ya chini, nusu ya juu inakula hewa yenyewe, ukuta bapa kabisa umesimama wima, ndo pale wadudu walipopasukia. Na hewa haikuzuii sawasawa na spidi, inapanda kwa mraba. Kutoka 60 kwenda 73 umeongeza spidi kama moja ya tano tu, lakini hewa inakurudisha nyuma karibu mara moja na nusu. Na ukiwa na upepo wa maili 20 wa usoni, wewe unaona 65 kwenye dashibodi, trela linaona 85, hapo unapigana kwa nguvu ya asilimia sabini zaidi na hujagusa mafuta mwenyewe. Shule tulisoma haya, form three au four huko, nikayafaulu kabisa, na bado nikamwaga maji.

Mama mkwe anatazama yale mapangaboi anasema wenzako hawa wanauza upepo, wewe unaununua.

Basi kutoka Dalhart nikaweka 60. Aibu ilinishika mwanzoni, malori ya ng'ombe yananipita, mabibi na mabwana wazee wananipita, mtu kafunga boti kanipita. Nikafunga gia ya kumi na ya tisa isiziguse kabisa, kuna kitufe pale kwenye mkono wa gia, gari ikatulia kwenye ya nane haihangaiki kupanda na kushuka. Upepo siku hiyo ulikuwa mdogo asubuhi, na nchi inapanda muda wote, Dalhart iko kama futi 4,000 juu ya usawa wa bahari na Raton ni karibu 6,700, kwahiyo nilitegemea hata 60 haitanisaidia sana.

Raton: maili 130, galoni 13.4. Tisa nukta saba.

Tumepanda futi 2,700 na tumepata zaidi ya tambarare ya Texas. Nilipiga hesabu usiku kwenye trela, kuinua pikapu na trela pamoja, kama tani 5, kwa kimo kile, ni kama galoni moja hivi na kidogo ukizingatia injini inapoteza nyingi kwenye joto. Galoni moja tu ndo gharama ya mlima mzima. Upepo na haraka vilikuwa vinanichukulia galoni nne tano kila tanki.

SIKU YA 4, Raton mpaka Colorado Springs

Raton Pass ndo kitu nilikuwa nakiogopa kuliko vyote tangu nyumbani, futi 7,834 pale juu, nikawa namsimulia mama mkwe kama mlima Kitonga wa Iringa. Ni Kitonga kweli kwa maana ya malori kubeba gia ndogo na harufu ya breki, ila barabara yao pana, njia mbili kila upande, na kona sio za kutisha vile. Nikakaa kulia na malori, spidi 45, dashibodi ya papo kwa papo inasoma 3.4. Tatu nukta nne! Mama mkwe akashika kalamu. Nikamwambia mama subiri, usiandike bado.

Kule juu unavuka Colorado, kuteremka Trinidad nimeweka gari kwenye hali ya kuvuta, yenyewe inashika gia ya chini injini inazuia, breki nagusa kidogo tu kwa vipindi, na kile kinamba kikapanda mpaka mwisho wake kikagota kwasababu mafuta yamekatwa kabisa. Kilichopanda na wewe mlimani unakishusha nacho, sehemu yake inarudi. Kilichochukuliwa na hewa hakirudi.

Kati ya Trinidad na Pueblo ndo tulipata hofu ya safari nzima, lori la kontena limetupita na 75, kwanza likatusukuma pembeni kisha likatuvuta kama linatunyonya, trela likatikisa mkia mara mbili tatu. Nikaachia mafuta, sikugusa breki ya gari, nikabonyeza kidogo breki ya trela kwa mkono, likatulia. Mama mkwe alikuwa anasoma Ayatul Kursi na hakuacha mpaka Pueblo. Baadae niligundua sababu, nilipomwaga maji ya tanki la mbele na mizigo nikaipanga nyuma nilipunguza uzito wa pale kwenye ndoano. Inatakiwa asilimia 10 mpaka 15 ya trela iegemee gari, chini ya hapo mkia unacheza. Kwahiyo ujanja wangu wa siku ya pili haukuniokolea mafuta na ulikuwa karibu kutuua. Nikajaza maji Pueblo, galoni zote 40.

Hapo Pueblo pia angalieni pampu. Colorado petroli ya bei ya chini ni oktani 85, sio 87, hiyo oktani ni kipimo cha petroli kuhimili isilipuke kabla ya wakati wake ndani ya injini, wanauza hivyo kwasababu ya kimo, injini za kizamani zilikuwa zinaivumilia huku juu ambako hewa ni nyepesi. Injini ya turbo inajisukumia hewa yenyewe, na kitabu cha gari kinasema 87, na nilikuwa navuta. Nikalipia senti thelathini na kitu zaidi kwa galoni, nikanuna.

Colorado Springs, maili 150 kutoka Raton, galoni 14.2 kwa jumla. 10.6. Pamoja na Raton Pass ndani yake, na maji kilo 150 tumeongeza njiani.

SIKU YA 5 MPAKA YA 7

Trela limeegeshwa, hakuna cha kuandika. Garden of the Gods hakuna kiingilio, tumeenda mara mbili. Baridi asubuhi mama mkwe amevaa koti langu na kanga juu yake.

SIKU YA 8, Colorado Springs mpaka Clayton

Kurudi ni kuteremka, kutoka futi 6,000 mpaka 600 za nyumbani, nikatamba kwamba tutapata 12. Tukatoka saa 4 asubuhi baada ya kuagana na kila mtu kambini. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaamka na sisi tunakwenda kusini, moja kwa moja mdomoni mwake. Nikashika 62, sikuthubutu zaidi. Raton, maili 150, galoni 17.6, hiyo ni 8.5. Barabara ileile, milima ileile, trela lilelile, maili mbili kwa galoni zimeliwa, nyingi na upepo. Clayton maili 83 galoni 9.6, 8.6, na pale nikasema basi, tunalala hapa, ingawa jua lilikuwa bado juu na kambi ni uwanja wa kokoto tu.

Jirani mmoja pale, mzee wa Oklahoma mwenye trela kubwa kuliko langu, aliniambia yeye haangalii ramani ya mvua, anaangalia ramani ya upepo, na kwenye hizi nyanda anatembea kuanzia alfajiri mpaka saa 5, baada ya hapo anavua samaki. Jua likichemsha ardhi upepo unaamka, ndo kawaida ya huku.

SIKU YA 9, Clayton mpaka nyumbani

Saa 11 alfajiri tumeshaondoka, watoto tumewabeba wamelala. Hakuna jani linalotikisika. Nimekaa 60, giza linatoka taratibu upande wa Texas, kwa mbali taa nyekundu za mapangaboi zinawaka na kuzima zote kwa pamoja, na yenyewe hayazunguki. Mama mkwe akasema leo soko limefungwa.

Amarillo maili 134, galoni 11.6. Kumi na moja na nusu! Nilipiga honi. Childress maili 118, galoni 10.5, 11.2, ni ile ile sehemu iliyonipa 6.9 siku ya kwanza, sawa tunateremka, lakini kimo kile, kupanda na kushuka ukijumlisha, hakifikii hata galoni mbili, nyingine zote ni haraka yangu na upepo. Baada ya hapo joto likapita 100 la kwao la Farenhaiti, upepo ukaamka, Wichita Falls maili 108 galoni 10.9, 9.9, sio mbaya.

Arlington tumeingia saa 2 usiku. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba naona mistari ya barabara hata nikifumba macho. Karibu na nyumbani mama mkwe akasema, "Ingia sheli kwanza." Nikamwambia mama tutajaza kesho, hiyo sheli ni ndogo na trela hili kutoka pale ni kuzunguka. Akasema hesabu ya safari haifungwi kesho.

Nikaingia. Nikajaza, ikajikata 13.8 kwa maili 130, akaandika 9.4. Mama Nuru na watoto wamelala, taa ya ndani inawaka, ye anajumlisha kwa kidole kurasa mbili. Kwenda maili 723, galoni 86.6. Kurudi maili 723, galoni 74.0. Sikupanga zilingane, zimelingana tu. Tofauti galoni 12.6, kama dola 37, akaibadilisha kwa shilingi, karibu laki moja.

"Laki moja," akasema. "Baba Nuru, siku ile ulivyokuwa unakimbia vile, Amarillo tulikuwa tunawahi nini?"

Nikamwambia mama funga mkanda, tukalale, kesho nina zamu ya alfajiri.